Je, Wajua? Kubisha Hodi kwa Wabenediktini, Ndanda hadi Newala

Je, wajua kwamba Kanuni wanayoifuata masista Wabenediktini inaagiza mtu anayetaka utawa asifunguliwe mlango upesi? Mtakatifu Benedikto aliiandika huko Italia katika karne ya 6, na kwenye sura ya 58 anataka mgeni aachwe abishe hodi siku nne au tano, avumilie kukaripiwa na kucheleweshwa, ndipo aingizwe akionekana hajakata tamaa. Hata akiingia bado ni mgeni. Analala nyumba ya wageni siku chache, kisha anapelekwa kwa wanovisi, chini ya mlezi mtu mzima. Miezi miwili ikipita anasomewa Kanuni yote, sura 73, na kuambiwa kwamba akiiweza abaki, akiona haiwezi aondoke na hakuna wa kumzuia. Baada ya miezi sita anasomewa tena. Baada ya minne mingine, mara ya tatu. Mwaka umekatika, na ndani ya mwaka huo ameonyeshwa njia ya kutokea mara tatu.

Tunaanza na hili kwa sababu mitaani Masasi na Newala ipo dhana iliyokwisha kukomaa kwamba masista huwawinda wasichana: hupita mashuleni, huonyesha picha za konventi yenye bustani na umeme usiokatika, na binti wa watu anakwenda. Semina za miito zipo, na picha zipo. Lakini Kanuni yenyewe iliandikwa na mtu aliyemtilia shaka kila anayefika getini akitabasamu.

Je, wajua kwamba huwezi kujiunga na Wabenediktini kwa ujumla wao? Mjesuiti ana mkuu mmoja Roma anayeweza kumtuma popote duniani. Wabenediktini nao wana Abate Mkuu Roma, cheo kilichoanzishwa na Papa Leo XIII mwaka 1893, ila hana mamlaka ya kumhamisha mtawa hata mmoja kutoka monasteri moja hadi nyingine. Kila nyumba au shirika ni familia inayojitegemea. Ndiyo maana nadhiri za Kibenediktini zinawashangaza waliozoea zile tatu za ufukara, usafi wa moyo na utii. Kanuni inataja kudumu katika jumuiya, kugeuza mwenendo, na utii. Ufukara na useja havikusahauliwa, vimo ndani ya ile ya pili. Kudumu ndiko kunakotangulia: unaahidi kuishi na watu hawa, katika nyumba hii au shirika hili, hadi uzikwe kwenye makaburi yake.

Kwa hiyo swali la msichana wa huku si "niwe Mbenediktini?" Swali lake ni "niende nyumba ipi?" Na majibu yapo karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Ndanda iko kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, kama kilomita 40 kabla ya kufika Masasi mjini. Wengi wanaijua kwa Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, kwa shule ya sekondari, au kwa vitabu: nani aliyesoma katekisimu ya Kiswahili asiyewahi kuona maneno Benedictine Publications Ndanda–Peramiho chini ya jalada? Wasichoangalia sana ni kwamba masista wanaopishana njiani pale si wa shirika moja, ingawa wote ni Wabenediktini. Wapo Wabenediktini Wamisionari wa Tutzing, shirika lililozaliwa Ujerumani. Wapo pia Wabenediktini wa Bikira Maria Msaada wa Wakristo, shirika la hapahapa. Mgeni anaona shela na shela. Msichana anayechagua anapaswa kuona maisha mawili tofauti kabisa. Akiingia Tutzing, huenda akajikuta siku moja akifundisha au akiuguza katika bara jingine, kwa sababu masista hao wako Brazili, Ufilipino, Korea na kwingineko; chuo chao cha Mtakatifu Skolastika kilifunguliwa Manila mwaka 1906, mwaka uleule monasteri ya Ndanda ilipoanzishwa. Akiingia shirika la nyumbani, kazi yake itakuwa zaidi miongoni mwa watu ambao bibi yake angeweza kuwasalimia kwa lugha yao. Hatuoni kwamba moja ni bora kuliko jingine. Tunaona tu kwamba binti anayependa kusafiri na binti anayependa kukaa wasiambiwe "nenda Ndanda" kama vile Ndanda ni mlango mmoja.

Na asiyeridhika na Ndanda ana njia ya magharibi. Chipole, upande wa Songea, wapo Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, walioanzishwa mwaka 1938 wakati wa Abate-Askofu Gallus Steiger wa Peramiho. Imiliwaha, Njombe, wapo wa Mtakatifu Gertrudi. Ni Wabenediktini wote, na kila nyumba ina mama mkuu wake, wanovisi wake na hesabu zake za benki.

Je, wajua kwamba masista wa Chipole wanauza umeme? Mtambo wao wa Tulila, kwenye mto Ruvuma, ulizinduliwa mwaka 2015 ukiwa na uwezo wa megawati 5, na umeme wake unanunuliwa na TANESCO. Watu wa Songea waliokuwa wakiwasha taa kwa jenereta za dizeli wanajua tofauti yake. Anayedhani utawa ni kufumba macho kanisani aende akaone kina sista wanavyojadiliana na mafundi habari za mageti ya maji.

Hapo wala hawakuivunja Kanuni. Sura ya 66 inataka monasteri, ikiwezekana, iwe na kila kinachohitajika ndani ya uzio wake: maji, kinu, bustani na karakana, ili watawa wasilazimike kuzurura nje. Maji ndiyo ya kwanza kutajwa, na hapa Uwanda wa Makonde una hoja yake.

Juu ya uwanda, Newala na kandokando yake, udongo ni wa mchanga unaokunywa mvua yote. Mito haipo. Maji huzama na kutokeza chini, kwenye miteremko. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 alikuta wanawake wakishuka mteremko mrefu kuteka maji na kuupanda tena na vyungu kichwani, na bibi zetu wengi walifanya hivyo muda mrefu baada yake. Ndanda ipo chini ya ukingo wa uwanda, pale chemchemi zinapofumuka. Monasteri ya Kibenediktini inayofuata sura ya 66 neno kwa neno isingeweza kujengwa Newala miaka ile, hata kwa mtaji wote wa Ujerumani. Anayesimama Shimo la Mungu pale Newala, akatazama bonde la Ruvuma lilivyo mbali kule chini, ataelewa bila kuelezwa.

Je, wajua kwamba masista wa kwanza wa shirika la Tutzing walifika pwani yetu kabla shirika lao halijapata makao ya Tutzing yenyewe? Mwanzilishi, Padre Andreas Amrhein, Mswisi aliyekuwa mmonaki wa Beuron, aliwakusanya wanawake wa kwanza mwaka 1885. Novemba 1887 kikundi kikaondoka Ujerumani: padre mmoja, mabruda tisa na masista wanne. Wakajenga Pugu, nje ya Dar es Salaam. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, Pugu ikashambuliwa. Mabruda wawili waliuawa pamoja na Sista Martha Wansing. Tutzing, ambayo leo ndiyo jina lao, ilikuwa makao yao makuu kuanzia mwaka 1904.

Miaka kumi na sita baada ya Pugu ikaja Maji Maji. Agosti 14, 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, akiwa safarini na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Kabla mwezi haujaisha misheni za Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa, na Sista Walburga Diepolder wa Nyangao akauawa. Masasi nako misheni ya Waanglikana ilichomwa. Historia yetu inawakumbuka wapiganaji wa Maji Maji kwa heshima, na inawastahili. Walipigana na utawala uliowalimisha pamba kwa viboko, na hawakuwa na sababu ya kuuliza nani kati ya Wajerumani ameshika bunduki na nani ameshika dawa ya vidonda. Kuwaheshimu wapiganaji hao na kuwahurumia masista kunaweza kukaa katika kichwa kimoja. Mwaka uliofuata Wabenediktini walirudi, wakaanza Ndanda.

Jina la Walburga lina safari yake. Mtakatifu Walburga alikuwa Mwingereza wa karne ya 8 aliyevuka bahari kwenda kuwainjilisha Wajerumani, akawa abesi wa Heidenheim. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye Mjerumani aliyepewa jina lake anakuja kufia Nyangao. Leo hospitali ya Nyangao inaitwa Mtakatifu Walburga. Wajawazito wanaolala wodi zake wakisubiri uchungu hawalazimiki kuyajua haya, ila jina liko pale ukutani.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1936 sheria za Kanisa Katoliki ziliwabana masista wasifanye kazi ya ukunga na udaktari kikamilifu? Februari mwaka huo Roma ilitoa maelekezo yaliyofungua njia hiyo, hasa kwa ajili ya nchi za misheni. Ndanda ilikuwa na mtu tayari: Sista Thekla Stinnesbeck, daktari kamili, ambaye jina lake halitenganishwi na hospitali ile wala na huduma ya wagonjwa wa ukoma.

Sasa tuhamie kwa ukoo wa binti, hasa kwa mjomba.

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa wilaya hizi huhesabu ukoo upande wa mama. Watoto wa binti ndio wanaoendeleza ukoo; watoto wa kijana wa kiume ni wa ukoo wa mkewe. Tafakari basi maana ya nadhiri ya useja hapa. Kaskazini, kwa watu wanaohesabu kwa baba na kulipa ng'ombe, binti akienda utawani baba anapoteza mahari. Newala mahari si jambo la kumfilisi mtu. Kinachopotea ni wajukuu, na wanapotea kwa upande wa mama na kaka zake. Anayekasirika zaidi, kwa hesabu hii, si baba. Ni mjomba, na nyuma yake bibi mzaa mama. Mapadre na masista wanaokwenda kuomba ridhaa ya wazazi wakaketi na baba peke yake, wakashukuru, wakaondoka, wamezungumza na mtu asiye na neno la mwisho. Tunasema hivi kwa kuupenda utawa: ndoto ya binti inaweza kukwama miaka mitano kwa sababu hakuna aliyemfuata mjomba na kumpa heshima yake. Sheria ya Kanisa inamtaka binti aingie kwa hiari, na inasema kwamba nguvu, hofu kubwa au hila vinabatilisha kuingia kwake unovisi. Haisemi anahitaji baraka ya mjomba. Lakini mtu atakayerudi nyumbani kuzika, kuuguza na kuoza wadogo zake anahitaji kuweza kurudi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulisahau. Msichana wa uwandani anayefika konventi hafundwi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wengi wamepitia unyago; wamewekwa ndani, wamefundwa na manyakanga, wametolewa kwa ngoma na nguo mpya. Anajua tayari kwamba kuna elimu inayotolewa kwa kutengwa na kwa siri. Anachokikuta kigeni ni muda. Unyago huwa wa wiki kadhaa, na siku hizi hubanwa uingie kwenye likizo ya shule. Malezi ya utawa yanakula miaka.

Miaka mingapi? Hapa sheria ya Kanisa, toleo la 1983, imeweka mipaka iliyo wazi, na ni vizuri msichana aijue kabla ya kufunga sanduku. Kabla ya unovisi huwa kuna kipindi cha kutazamana, cha aspiranti na postulanti, na kila shirika lina urefu wake. Hawezi kuanza unovisi kabla ya miaka 17, wala akiwa mke wa mtu. Unovisi hauwi chini ya miezi 12, na kwa kawaida haupiti miaka miwili. Nadhiri za kwanza si kabla ya miaka 18, nazo ni za muda, kati ya miaka mitatu na sita, zikilazimu hadi tisa. Nadhiri za daima si kabla ya miaka 21. Aliyemaliza kidato cha nne akaingia moja kwa moja anaweza basi kufika miaka 27 au 28 hajafunga bado nadhiri za daima.

Na je, wajua kwamba mnovisi akikaa nje ya nyumba ya unovisi kwa zaidi ya miezi mitatu, iwe mfululizo au kwa vipande, unovisi wake unabatilika? Akipitisha siku 15 tu lazima azifidie. Kwa eneo ambalo msiba wa ndugu unaweza kumshika mtu hadi arobaini, hesabu hii si ya kuchezea. Mlezi anayemkatalia mnovisi kwenda kwenye matanga ya pili ndani ya mwaka hana roho mbaya. Anahesabu siku.

Madeni nayo yamo. Sheria inakataza kumpokea mtu mwenye deni asiloweza kulilipa. Katika nchi ya korosho, ambapo kwa miaka mingi msimu ulianza kwa kukopa salfa ya kupulizia na kumalizika kwa kungoja malipo ya ghala, binti aliyeandikwa jina kwenye mkopo wa kikundi asifikiri kwamba shela litamficha. Alipe kwanza.

Kabla ya nadhiri za daima huandika wosia, wosia wenye nguvu hata mbele ya sheria za nchi. Dada wa miaka 28 anaketi na kuandika nani atachukua mikorosho aliyoachiwa na mama yake. Hapo mjomba anarudi tena mezani, safari hii akiwa na hamu zaidi.

Je, wajua kwamba maneno "sala na kazi", yanayobandikwa kwenye kila geti la Kibenediktini, hayamo ndani ya Kanuni? Wazo limo, hasa sura ya 48 isemayo kwamba uvivu ni adui wa roho, lakini msemo wenyewe ni wa zama za karibu zaidi. Kilichomo kwa wingi ni zaburi: zote 150 kila wiki, kwa mpangilio wa sura ya 18, ambapo Benedikto anawatania watawa wake kwamba baba zao walizimaliza kwa siku moja. Nyumba nyingi za leo zimezigawa kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo anayeingia ajue kwamba kengele ya alfajiri haitaacha kumwamsha hadi uzeeni.

Chakula: sura ya 39 inaruhusu vitoweo viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine. Huruma ya kweli, kwa yeyote aliyewahi kulishwa kisamvu wiki nzima. Divai nayo imeruhusiwa kwa kipimo katika sura ya 40, Benedikto akikiri kwamba divai haiwafai watawa kabisa ila wa siku zake hawashawishiki. Kuhusu uraka wa mabibo Kanuni iko kimya, na tunashauri binti asiulize siku ya kwanza.

Mpaka hapa tumewazungumzia Wakatoliki. Lakini Masasi na Newala ni nchi ya Waanglikana pia, tangu mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipofika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, waliokuwa wakirejea kwao bara. Newala ilifuata baada ya uvamizi wa Wangoni wa mwaka 1882 kuitikisa Masasi. Msichana wa Kianglikana wa Mkomaindo au Newala mjini anayehisi wito anaambiwa mara nyingi, hata na watu wa kanisa lake, kwamba utawa ni wa Waroma. Si kweli. Henry VIII alizivunja monasteri za Uingereza kati ya 1536 na 1540, na kwa karne tatu Kanisa la Anglikana likawa halina masista. Mwaka 1845 mashirika yalianza tena London. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston wa Zanzibar akaanzisha hapa Afrika Mashariki shirika la masista wa Kianglikana la Mateso Matakatifu, na masista hao ndio waliolea, mwaka 1946, shirika la wanawake wa Kiafrika lenye makao yake Kilimani, Masasi: Chama cha Mariamu Mtakatifu.

Chama hicho hakikutoka kwa Benedikto. Lakini mengi yanafanana: kengele, zaburi, unovisi, nadhiri, shela. Masista wake wamekwenda Njombe, Korogwe, Dar es Salaam, hata Zambia, na kwa muda mrefu wamekuwa miongoni mwa jumuiya kubwa za watawa wanawake wa Kianglikana barani. Ukweli kwamba jambo hili linashangaza watu wa Masasi wenyewe unatushangaza sisi.

Waanglikana hao walijaribu pia jambo jingine. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, 1926 hadi 1944, alilichukua jando na kulifanyia ibada za Kikristo, padre akiwa pamoja na wakuu wa ngoma. Wavulana walilipokea. Unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi kuugeuza, na hilo halishangazi. Mambo ya wanawake yalikuwa mikononi mwa wanawake, na askofu, kwa hekima yake yote, alikuwa mwanamume.

Kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kumewahi kutokea. Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyefika mwaka 1935 kufanya kazi ya Waanglikana na kuijenga hospitali ya Lulindi, aliingia Ukatoliki mwaka 1949 akahamia Mnero, hospitali ya Wabenediktini upande wa Nachingwea. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, 1975 hadi 1980. Hakuwa mtawa, lakini maisha yake yote ya upasuaji aliyafanya akiwa amezungukwa na masista.

Je, wajua kwamba ndani ya monasteri umri wa kuzaliwa hauhesabiwi? Sura ya 63 inapanga watu kwa saa ya kuingia. Aliyefika saa mbili ni mdogo wa aliyefika saa moja, awe nani huko nje. Muuguzi wa miaka 30 mwenye stashahada, akiingia Julai, ni mdogo wa kidato cha nne aliyeingia Januari. Atamfuata nyuma kwenye foleni, atampisha kiti, atamwita dada. Kwa watu wetu, ambao salamu hupandishwa na miaka, hili ni gumu kuliko kufunga Kwaresima. Sura ya 3 inazidi kulikoroga: mambo makubwa yakiamuliwa waitwe wote, hata wa mwisho kuingia, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema.

Kwa mama wa watoto watatu anayesoma haya akijuta, ipo njia ya waoblati: mtu wa kawaida, mwenye ndoa yake, anayejifunga kwa ahadi na monasteri moja na kuishi roho ya Kanuni nyumbani kwake. Mume haachwi.

Karatasi zinazotakiwa ni chache. Cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na uthibitisho kwamba hajafunga ndoa. Sheria ya Kanisa inavitaja. Mashirika huongeza barua ya paroko, vyeti vya shule na vipimo vya afya. Barua ya kwanza aiandike binti mwenyewe. Walezi wengi huitambua upesi barua iliyoandikwa na shangazi.

Na akishindwa? Turudi sura ya 58, sehemu yake ya mwisho. Siku ya nadhiri mnovisi huandika ahadi yake kwa mkono wake mwenyewe, na asiyejua kuandika huandikiwa na kuweka alama yake, kisha huiweka juu ya altare. Anavuliwa nguo zake na kuvishwa za monasteri. Lakini zile nguo zake hazigawiwi kwa maskini. Zinahifadhiwa stoo, ili siku akiamua kuondoka arudishiwe. Karatasi ya ahadi harudishiwi, inabaki monasterini. Sheria ya sasa inaongeza kwamba aliyeondoka hawezi kudai mshahara wa miaka aliyofanya kazi, ila shirika limtendee kwa haki na kwa upendo. Kiasi gani, haikutaja. Msichana anaruhusiwa kumuuliza mlezi hilo kabla ya kuingia, na jibu atakalopewa litamwambia mengi kuhusu nyumba hiyo.